Tundu la bomba la zamani chini ya boti ya faiba: nizibe vipi lisirudi?

Usipa Mkavu (Matema)

Wakuu, habari za jioni.

Boti ni ya faiba, mita 7, inalala hapa Matema. Zamani ilikuwa na injini ya ndani, ikatolewa, sasa inasukumwa na injini ya kufunga nyuma. Kilichobaki ni tundu la bomba la kuvutia maji ya kupozea. Vipimo vyake:

- upana milimita 50, duara safi
- liko sentimita 30 hivi kutoka kwenye mkuku, yaani muda wote liko majini
- ganda hapo lina unene wa milimita 8, faiba tupu, hakuna mbao wala povu katikati
- kwa ndani nalifikia nikiinua ubao wa sakafu

Aliyeliziba mara ya kwanza alipigilia kizibo cha mbao, akapaka bodi fila ya magari, akamaliza na rangi. Sasa fila imepasuka kwa kufuata duara lile lile, na ukibonyeza pembeni ya ufa yanatoka matone ya maji yenye harufu kama siki.

Fundi mmoja anasema tukate bati la alumini, tulifunge kwa riveti na silikoni, kazi ya saa mbili. Mwingine anasema faiba mpya juu ya ile ile fila. Naomba mwenye kuijua kazi hii anielekeze hatua, vifaa na kiasi cha resini (ile gundi ya majimaji inayogandisha nyuzi za faiba).

Pia nyuma, pale injini inapofungwa, kuna matundu manne ya skrubu ya milimita 6 ambayo hayatumiki tena. Hayo nayo yanazibwa kwa njia hiyo hiyo?

---

Mkuku Mnyoofu (Kyela)

Mkuu, bati achana nalo. Riveti nane ni matundu manane mapya chini ya mstari wa maji, na alumini hainyumbuki sawa na faiba, kwa hiyo kila wimbi linalegeza kidogo. Silikoni ndiyo mbaya zaidi: siku ukitaka kutengeneza kwa haki, mabaki yake hayaruhusu resini kushika, na asetoni haiyatoi. Faiba juu ya fila nayo ni kujenga ukuta juu ya vumbi. Bodi fila ya magari ina unga wa talki unaofyonza maji, inavimba, inaachia. Ndicho kilichotokea kwako.

Kinachowapoteza wengi ni kudhani tundu linajazwa. Tundu halijazwi, linapanuliwa kwanza. Piga hesabu: ukuta wa tundu lako ni duara la milimita 50 lenye kina cha milimita 8, eneo lote la kushika ni sentimita za mraba 12 na kitu. Kizibo chochote utakachoweka humo kinategemea hizo 12 tu. Ukisaga mteremko wa 12 kwa 1, yaani milimita 96 kila upande kwa unene wa milimita 8, unapata duara la milimita 242, na eneo la kushika linafika sentimita za mraba 440 hivi. Mara 35. Utaogopa ukiona tundu dogo limekuwa sahani ya ugali, lakini nguvu iko hapo.

Sasa kazi yenyewe.

Kukausha. Toa kizibo na fila yote. Ile harufu ya siki maana yake maji yamekaa ndani ya tabaka mpaka resini ya zamani imeanza kuoza na kutoa tindikali. Maji ya Nyasa hayana chumvi, na maji baridi hupenya faiba na kuleta malengelenge kuliko maji ya bahari, kwa hiyo usidharau. Osha kwa maji safi mara kadhaa, acha yachuruzike, osha tena mpaka harufu iishe. Kisha boti ikae kivulini penye upepo, sakafu imefunguliwa, wiki moja hadi mbili. Kupima: bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote kwa selotepu, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta ukungu upande wa ndani wa nailoni, bado.

Wakati inakauka, chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge kuanzia ukingo wa tundu kwenda nje. Faiba nzima inalia kwa sauti kali na fupi. Ikifika mahali sauti inakuwa butu kama unagonga boga, hapo tabaka zimeachana. Weka alama kwa kalamu. Kote huko kutasagwa.

Kusaga. Kabla grenda haijagusa chochote, futa eneo la nusu mita kwa asetoni, kitambaa kimoja kibichi, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake. Ukisaga kwanza, nta na mafuta yaliyo juu unayasukuma ndani ya nyuzi. Kisha diski ya msasa namba 36. Anzia nje ukishuka kuelekea tundu, mpaka ukingo wa ndani uwe mwembamba kama makali ya kisu. Ukisaga vizuri utaona miduara ikijitokeza mmoja ndani ya mwingine, kama pete za kisiki cha mti: kila pete ni tabaka moja lililowekwa kiwandani. Pete ziwe na upana unaolingana. Mahali pete inaonekana nyeupe, au nyuzi zimesimama kama manyoya, bado kuna unyevu au tabaka limeachia. Endelea mpaka upate faiba kavu yenye rangi moja. Duara likifika milimita 300 badala ya 242, sawa tu.

Barakoa ya vumbi, miwani, mikono mirefu. Vumbi la faiba likiingia kwenye kola utajikuna siku mbili.

Kuegemeza. Kwa ndani weka kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye ndoo kuukuu. Kinajikunja kufuata ganda, na resini ya poliesta haikishiki. Kikaze kwa mfuko wa mchanga au kijiti kilichokazwa kwenye boriti ya sakafu. Boti ilaze ubavu juu ya matairi ya gari mpaka eneo la kazi liangalie juu. Kufanya kazi umelala chini ya boti, resini inakudondokea usoni na mati inaning'inia.

Kuweka tabaka. Nazungumzia mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ule mkeka wa nyuzi zilizotawanyika. Tabaka moja likiiva lina milimita 1 hivi, kwa hiyo unahitaji tabaka 8. Kata duara nane kuanzia milimita 75 hadi 240. Paka resini kwenye faiba ya zamani kwanza, ndipo ulaze mati juu yake. Mati inywe kutoka chini. Kisha gonga-gonga kwa ncha ya brashi. Usipake kama unapaka rangi, utazikokota nyuzi na kuacha mashimo. Mati kavu ni nyeupe. Inapolowa nyeupe inayeyuka na unaanza kuona alama zako za kalamu chini yake. Penye doa jeupe pana hewa. Pitisha rola ya chuma yenye mifereji kutoka katikati kwenda nje mpaka madoa yaishe.

Tabaka 4 halafu simama. Resini inapoiva inatoa joto, na tabaka 8 kwa mpigo zinaweza kupanda joto mpaka ziwe na rangi ya chai, zipasuke au zijivute kutoka ukingoni. Subiri joto lishuke, ukigusa inanata lakini haiachi kitu kidoleni, endelea na 4 zilizobaki. Ikipita usiku mmoja ikawa kavu kabisa, saga juu juu kwa msasa 60 kabla ya kuendelea.

Kesho yake toa plastiki ya ndani, saga sentimita 10 kuzunguka, weka tabaka mbili za mwisho, milimita 150 na 200. Hizo zinazuia kiraka kusukumwa ndani boti inapopigwa na wimbi kwa chini.

---

Visiki vya Mtera (Iringa)

Mkuu Mkuku umeeleza vizuri, ila hujasema duara lipi linatangulia, na hapo ndipo mafundi hugombana. Kubwa kwanza au dogo kwanza?

Mimi natanguliza kubwa. La milimita 240 likiwa la kwanza, linagusa mteremko wote kwa kipande kimoja kisichokatika, kisha madogo yanajaza bonde lililobaki katikati, la mwisho likiwa dogo kabisa. Faida inaonekana wakati wa kusawazisha: msasa unakula kingo za vile vidogo vya juu, lile kubwa linalobeba mzigo linabaki salama chini. Ukianza na dogo, kubwa linakuwa juu kabisa, na fundi mwenye grenda nzito anaweza kulimaliza lote akitafuta usawa.

Wanaotanguliza dogo nao wana hoja yao, kila tabaka jipya linakutana na pete yake ya zamani. Kwa mteremko wa 12 kwa 1 zote zinashika. Usichanganye tu.

Kuhusu rovingi, kile kitambaa kizito kilichofumwa: kwa milimita 8 unaweza kuweka rovingi ya gramu 600 katikati ya mati mbili, inaongeza nguvu ya kuhimili kishindo. Huku Mtera, ambako boti zinapanda juu ya visiki vya miti iliyozama, tunaiweka kila mara. Lakini isiwe tabaka la kwanza juu ya faiba ya zamani. Mifumo yake mikubwa inagusa kwa nundu tu, kati ya nundu na nundu inabaki resini tupu ambayo inavunjika kama kioo. Mati kwanza, rovingi, mati tena.

Jambo jingine: kwa tundu moja lililo chini ya maji, mimi ningetumia epoksi badala ya poliesta. Poliesta mpya inaipenda poliesta ambayo bado inaiva. Ile iliyoiva miaka kumi inaishikilia kwa kukwaruzwa tu. Epoksi ni gundi kweli kweli, na haipitishi maji kirahisi. Ila ina masharti yake:

Mati ya kawaida haifai. Nyuzi zake zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya stairini, kile kimiminika kilichomo kwenye poliesta, na epoksi haina stairini. Mati itabaki ngumu kama kadibodi, itakataa kukaa kwenye mkunjo. Tumia kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa.

Kipimo cha hadina (dawa ya kuivisha) ya epoksi hakichezewi. Kikopo kikisema 2 kwa 1 ni 2 kwa 1. Kwenye poliesta ukiongeza hadina kidogo inaiva haraka; kwenye epoksi ukizidisha haiivi haraka, inabaki laini milele.

Ikiiva inaacha utelezi kama nta juu yake. Osha kwa maji na sponji ya kusugulia vyombo kabla ya kupiga msasa, la sivyo unausugua ndani.

Na juu yake maliza kwa rangi ya epoksi, si jelkoti (lile tabaka gumu la nje lenye rangi). Jelkoti ni poliesta, na juu ya epoksi haina uhakika wa kuiva wala kushika.

---

Mkuku Mnyoofu

Visiki, sina ugomvi kuhusu kubwa kwanza. Kwenye epoksi nakubali kwa nguvu, ila kwa mtu wa Matema anayetaka kumalizia kwa jelkoti na kutengeneza tena mwakani bila kuagiza mbali, poliesta yenye mteremko mrefu inatosha. Boti yenyewe yote ni poliesta. Mteremko mfupi ndio unaoua viraka, mara nyingi kuliko aina ya resini.

---

Mama Resini (Mbeya)

Hamjambo wanangu. Mnabishana kuhusu tabaka na bado hamjampa mwenzenu kiasi.

Duara nane ukizijumlisha eneo lake ni kama mita ya mraba 0.18. Mara gramu 450, unapata gramu 81 za mati. Mati inakunywa resini mara mbili na kidogo ya uzito wake, basi gramu 180. Zile mbili za ndani ni mati gramu 22, resini gramu 50. Jumla gramu 230. Weka na ya kubaki kwenye brashi, rola na kopo, ifanye 400. Kwa hiyo kilo 1 ya resini inakutosha na unabaki na ya kufanyia majaribio. Mati nusu mita kutoka kwenye roli la upana wa mita 1 inatosha, chukua mita nzima kwa sababu utakosea kukata. Asetoni lita 1. Brashi tatu za bei rahisi. Rola moja. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na bomba la sindano la mililita 5 kwa ajili ya hadina.

Hadina ya poliesta (chupa imeandikwa MEKP) inapimwa kwa asilimia ya uzito wa resini, usishuke chini ya 1 wala usipite 2. Ukishuka chini ya 1 haitaiva sawasawa hata ungeipa mwezi. Ukipita 2 inaiva kwa haraka na kubaki dhaifu. Hadina ni nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo kwa gramu 100 za resini:

- joto la nyuzi 30, mchana wa Kyela: mililita 0.9 hadi 1
- nyuzi 25: mililita 1.3
- nyuzi 20: mililita 1.75

Chini ya nyuzi 15 usifanye. Hii nawaambia hasa watu wa huku juu Mbeya na Iringa wanaotaka kutengeneza mwezi wa Juni na Julai asubuhi. Resini inasinzia, inaonekana imekauka kwa juu, miezi mitatu baadaye inakwanguka kwa kucha. Kule ziwani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari mna bahati ya joto. Tatizo lenu ni unyevu. Anzeni saa nne asubuhi umande umekwisha, malizeni saa tisa, chini ya turubai, jua lisipige moja kwa moja kwenye ganda. Na msiifanye kazi hii mwezi wa Aprili, mvua ya Kyela mnaijua wenyewe.

Changanyeni gramu 100 hadi 150 kwa mara moja, si zaidi. Resini ikijaa kwenye kopo refu inajipasha moto yenyewe na kuganda ndani ya dakika kumi, wakati mwingine inafuka moshi. Mimina kwenye sinia pana, inakaa muda mrefu zaidi. Ikianza kuwa kama uji wa muhogo, tupa. Usiongeze asetoni kuilainisha, unaiharibu.

Kabla ya kugusa boti, changanya gramu 50 kwa kipimo utakachotumia, hapo hapo kazini, saa ile ile utakayofanyia kazi. Angalia saa. Hilo linakuambia resini iliyokaa dukani bado nzima au imezeeka, na una dakika ngapi za kufanya kazi.

Hadina ikiruka jichoni, maji mengi dakika 15 bila kusubiri, halafu hospitali. Inapofusha. Miwani ivaliwe hata kama unapima mililita moja.

---

Usipa Mkavu

Shikamoo Mama, na ahsanteni wakuu wote. Nimeelewa kuhusu mteremko, na nitaanza na kubwa.

Swali moja: resini niliyoonyeshwa dukani ni ya rangi ya maji iliyopauka, haina ule uwaridi ninaouona kwa mafundi. Muuzaji ana kichupa kingine cha zambarau anasema kinaongezwa. Ni sawa?

---

Mama Resini

Marahaba baba. Hicho cha zambarau ni kobalti, ndiyo inayoamsha hadina. Resini nyingi zinakuja nayo ndani tayari, ndio ule uwaridi. Ambayo haina, ukiweka hadina peke yake itakaa majimaji siku nzima.

Tafuta iliyokwisha wekwa kobalti, usijitafutie kazi. Ikishindikana kabisa, kobalti inakorogwa ndani ya resini kwanza, mpaka rangi iwe moja kote, ndipo hadina iingie peke yake, kwa kijiti kingine na bomba lingine. Kobalti na hadina zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone. Zinawaka, zinaweza kulipuka. Hata kwenye kubeba, kobalti kwenye mfuko wake, hadina mfuko wake, wala usiziweke kwenye ndoo moja ndani ya basi.

---

Lumbila Kaskazini

Mmemaliza tabaka mkasahau uso. Wengi wanaharibu hapa.

Kiraka kikishaiva siku mbili, sawazisha kwa msasa 60 uliozungushiwa kipande cha ubao mrefu unaonyumbuka, si kwa kiganja. Kiganja kinafuata mabonde. Vibonde vidogo vijaze kwa resini iliyokorogwa na unga wa silika mpaka iwe kama siagi ya karanga. Bodi fila isionekane tena katika eneo hilo.

Jelkoti: duara la sentimita 25 kwa unene wa nusu milimita linakula gramu 30 hivi, nunua pakiti ndogo kabisa. Hadina asilimia 2, brashi laini, mara mbili, ya pili wakati ya kwanza bado inanata. Ikiwa nyembamba mno haiivi sawasawa, na inaweza kujikunja kama ngozi ya mamba.

Na jueni jelkoti ya kawaida haiivi mbele ya hewa. Uso wake utanata wiki nzima, mtu adhani amekosea kipimo aongeze hadina mara nyingine. Dawa ni mbili: ama uiongeze mchanganyiko wa nta na stairini kwenye mkono wa mwisho, nta inapanda juu na kuifunika, ama ulaze nailoni nyororo juu yake mara tu unapomaliza kupaka, utoe hewa kwa kiganja kutoka katikati, uiache mpaka kesho. Resini ya tabaka isiwe na nta, ya mwisho tu ndiyo iwe nayo. Nta ikibaki katikati ya tabaka mbili, zitaachana.

Msasa wa maji 240, 400, 600. Kwa chini ya maji hapo panatosha, samaki hawaangalii kung'aa.

Kabla ya kurudisha sakafu, ishusheni boti majini iwe tupu masaa mawili, tochi ndani, kitambaa kikavu cha karatasi kimelazwa juu ya kiraka. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

---

Usipa Mkavu

Safi kabisa. Na yale matundu manne ya nyuma? Hakuna aliyeyagusa.

---

Visiki vya Mtera

Hayo ni habari nyingine, kwa sababu pale injini inapofungwa ndani ya faiba kuna plaiwudi. Tundu la milimita 6 lisilozibwa linanywesha plaiwudi maji kila safari.

Chukua keekee, biti ya milimita 10, toboa taratibu na kusanya unga wa mbao kwenye karatasi nyeupe. Ukitoka mkavu wenye rangi ya mbao, uko salama. Ukitoka mweusi, umelowa na unanata kwenye biti, acha kuziba, gonga sarafu eneo lote, maana huenda ubao mzima umeoza na injini inashikiliwa na faiba ya nje peke yake. Hapo kazi inakuwa kufungua kwa ndani na kubadilisha plaiwudi.

Ukiwa mkavu: usitoboe upande wa pili, acha ngozi ya faiba ya ndani. Ikiwa tayari limetoboka, bandika selotepu. Jaza epoksi nyepesi isiyo na unga kwa bomba la sindano, plaiwudi inywe dakika kumi, nyonya iliyobaki, halafu jaza epoksi ile ile iliyokorogwa na silika mpaka haidondoki ukigeuza kijiti. Poliesta hapa usitumie, haishiki mbao vizuri. Acha kinundu kidogo juu, ikiiva kikwangue kiwe sawa na ganda, paka rangi.

Kwa tundu la milimita 10 lililojaa epoksi huhitaji mati wala mteremko. Halibebi mzigo wa ganda, linazuia maji tu. Ukitaka baadaye kupitisha boliti hapo hapo, toboa katikati ya epoksi kwa biti ya milimita 6, na pembeni ya boliti itabaki milimita 2 za epoksi kila upande kati ya chuma na mbao.